Tiketi ya Lamu hadi Nairobi: Ipi Ununue Kwanza?

Kutoka Lamu hadi Nairobi kwa njia ya anga ni kilomita 450 hivi, ilhali kwa barabara, kupitia Garsen, Malindi na Mombasa, zinapita 800. Kabla ya kulinganisha nauli, hesabu safari tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapobisha hodi kwa mwenyeji, kwa sababu saa zilizoandikwa kwenye tiketi hazihesabu boti, kungoja wala teksi.

Ninaiweka mbele ndege ya moja kwa moja kutoka Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wetu wa ndege, hasa kwa mgonjwa, mzee au mwenye watoto wadogo. Angani ni saa moja na kitu, lakini ukijumlisha kuvuka kwa boti, ukaguzi na foleni za Nairobi, tenga nusu siku. Uliza inatua uwanja gani wa Nairobi: Wilson uko karibu na katikati ya jiji kuliko Jomo Kenyatta. Uliza pia uzito wa mizigo, maana ndege ndogo za Wilson kwa kawaida huruhusu kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi, na sisi watu wa Lamu hatuendi kwa jamaa mikono mitupu. Kasha la samaki waliotiwa barafu na ndoo ya achari humaliza kilo hizo kabla nguo hazijapimwa. Desemba na msimu wa Maulidi, nunua wiki kadhaa mapema.

Ya pili ni basi hadi Mombasa, kisha treni ya SGR, yaani reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Unavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, asubuhi na mapema, unapanda basi, na kilomita 340 hivi zinachukua saa saba au nane, zikiwemo zile dakika za kushuka vizuizini upande wa Witu na Gamba, kitambulisho mkononi. Kwa hiyo usikate treni ya saa tisa alasiri, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba utaiwahi. Kata ya saa nne usiku, upate nafasi ya kula, kuswali na kufika Miritini, kwenye kituo cha treni cha Mombasa, bila kukimbia. Daraja la kawaida lilipanda hadi shilingi 1,500 Januari 2024, na kwa bei hiyo sioni njia nyingine inayoishinda kwa mwenye mizigo mingi.

Ndege za Manda zikijaa, teremka kwa basi hadi Malindi upande ndege ya huko, ila ulale Malindi usiku mmoja.

Basi la moja kwa moja hadi Nairobi nimeliweka mwisho. Nauli yake ni nafuu, lakini ni mchana na usiku kitini, na Mto Tana ukifurika barabara hukatika, kama ilivyotokea katika mvua za El Niño za Novemba 2023. Ukilazimika kulipanda, piga simu ofisi ya basi jioni iliyotangulia uulizie hali ya barabara ya Gamba kabla hujalipa nauli ya boti.