TAHADHARI: Muuza Seiko 5 "za mwaka 1969, hazijavaliwa" zilizopakwa uso upya

Wadau wa saa za zamani, hasa mnaoanza, naomba msome hii kabla hamjamtumia hela mtu anayeuza Seiko 5 za zamani kupitia WhatsApp. Mimi nimeshatuma 320,000 na hazirudi. Simtaji jina kwa sababu jina halitawasaidia: akaunti anabadilisha kila anapobanwa. Mtamtambua kwa namna anavyouza.

Marehemu baba alivaa Seiko 5 tangu sijazaliwa. Aliletewa na mjomba wake kutoka Muscat, na siku za wiki zilikuwa zinasomeka kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, unachagua mwenyewe. Ilipotea katika pilikapilika za msiba wake. Kwa hiyo nilipoona tangazo la Seiko 5 yenye uso wa rangi ya chungwa, siku imeandikwa kwa Kiarabu dirishani, na maelezo kwamba ni ya mzee mmoja aliyeishi Oman akaifungia kabatini tangu 1969, sikuuliza maswali niliyopaswa kuuliza.

Muuzaji ni mpole sana. "Kaka, kuna mtu Arusha ameshaniuliza, weka nusu nikutunzie." Nikaweka 160,000. Saa ikatumwa kwa basi, lakini risiti ya mzigo hakunitumia mpaka nilipomalizia nusu ya pili. Shikeni hapo: unalipa yote kabla hujaishika saa mkononi, na tayari nusu yako ya kwanza anayo, kwa hiyo unaona bora umalizie.

Nilimpelekea fundi saa mmoja mzee, Kariakoo, ili aisafishe tu. Aliibana lenzi jichoni, akaitazama kwa kitambo bila kusema kitu, halafu akanipa ile lenzi. "Mwanangu, tazama mwenyewe hilo neno SEIKO." Herufi zilikuwa nene, kingo zimetawanyika kama wino juu ya karatasi iliyolowa. Alama za saa kwenye namba 4 na 8 zilikuwa zimekaa upande kidogo. Na chini kabisa ya namba 6, mahali ambapo uso halisi wa Seiko huwa na maandishi madogo mno yenye namba ya mashine, palikuwa patupu. Rangi imepita juu yake.

Akafungua mgongo. Kwenye kifuniko kumechongwa 6309, yaani namba ya mashine inayopaswa kuwemo. Ndani, mashine ni 7009. Hizo ni mashine mbili tofauti, ingawa moja inaweza kukalishwa mahali pa mwenzake. Yaani nimeuziwa kifuniko cha saa moja, mashine ya nyingine, na uso uliopakwa rangi juzi.

Sasa huo mwaka 1969. Saa za Seiko za wakati ule zina namba ya utambulisho nyuma: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, 0 ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Yangu inaanza na 92, na muuzaji alinipigia picha hiyo namba akaniambia "unaona, tisa, sitini na tisa, Februari". Lakini 9 inaweza kuwa 1969, 1979 au 1989. Muongo unaujua kwa namba ya mashine, na 6309 na 7009 zote zilianza kutoka kiwandani katikati ya miaka ya 1970. Hakuna 6309 ya 1969. Mtu anayejua kusoma mwezi kwenye namba ile hawezi kuwa hajui hilo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela: anajua.

Kitu kingine ambacho ningekigundua usiku wa kwanza kama ningekuwa nimefundishwa. Mishale yake inang'aa gizani mpaka alfajiri. Niliisifia kwa mke wangu! Rangi ya kung'aa ya miaka ya 1970 imeshachoka, haiwezi kufanya hivyo. Ile inayong'aa usiku kucha ni ya aina iliyobuniwa Japani miaka ya 1990, kwa hiyo kuna mtu ameipaka baadaye. Kwa saa za Uswisi zenye maandishi "T SWISS MADE T" chini ya namba 6 ni vilevile: hiyo T ni tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Ya mwaka 1970 ikiwaka kama taa, uliza nani kaipaka.

Sisemi kupaka uso upya ni dhambi. Mumbai kuna mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo, saa za HMT (za India) na Seiko zinapita mikononi mwao kwa wingi, na mtu akikuambia wazi "uso huu ni mpya" akakuuzia kwa bei yake, umenunua saa ya kuvaa na hujadhulumiwa. Dhuluma ni kuiita halisi. Kwa mkusanyaji uso ndio saa yenyewe. Uso wa kweli uliopauka na wenye madoa una thamani kuliko huu wangu unaometameta.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata mia: dai picha ya mgongo, picha ya mashine ikiwa wazi, na picha ya karibu ya pale chini ya namba 6. Linganisha namba ya mashine katika picha zote tatu. Mimi niliomba ya mashine, akanijibu kwamba akifungua "saa itapoteza uhalisi wake" na maji yataingia. Nikakubali. Fundi yeyote anafungua mgongo huo kwa dakika mbili. Na kuhusu maji, saa ya umri huo usiiingize majini hata kama imeandikwa inastahimili. Mipira yake ya kuzuia maji ni ya zamani kama yenyewe.

Nilipomrudia na picha za fundi, alisoma, akaniambia "kaka saa za zamani ndivyo zilivyo", halafu akanifungia. Maoni niliyoweka chini ya tangazo lake yalifutwa kabla ya jioni.

Ijumaa iliyopita ameibuka na akaunti nyingine. Safari hii uso ni wa bluu, mzee ni wa Dubai, mwaka ni uleule 1969, na saa imelazwa juu ya kitambaa kilekile cha kijani chenye uzi uliochomoka pembeni. Mkikiona kitambaa hicho, msiweke kianzio. Na kama umeshanunua kwake, nitumie picha ya mgongo na ya mashine, tunazikusanya ili tupeleke malalamiko pamoja.