Tiketi ya Iron Bowl: Tathmini ya Siku Nzima Mjini Auburn

Kila Novemba inapoelekea ukingoni, Waswahili tunaoishi Atlanta na miji ya jirani huulizana kama inafaa kutoa mamia ya dola kwa ajili ya mchezo wa vyuo vikuu ambao wengi wetu hatukukua nao. Kuhusu Iron Bowl, pambano la kila mwaka la futiboli ya Kimarekani baina ya Chuo Kikuu cha Alabama na Chuo Kikuu cha Auburn, jibu langu ni kwamba inafaa, tena sana, iwapo utakwenda mwaka ambao Auburn ni mwenyeji na ukafika mjini asubuhi badala ya kukimbilia filimbi ya kwanza. Tiketi hii nimeipima kama ninavyopima huduma yoyote ninayoilipia: kwa kile kinachotolewa, kwa jinsi mgeni anavyopokelewa, na kwa kasoro ambazo muuzaji hazitaji.

Mechi huchezwa mwishoni mwa juma la sikukuu ya Shukrani. Miaka ya shufwa huwa Tuscaloosa, mji wa Chuo Kikuu cha Alabama, katika uwanja wa Bryant-Denny unaoingiza watu 100,077, na miaka ya witiri huwa Auburn, katika uwanja wa Jordan-Hare unaoingiza watu 88,043. Jimbo la Alabama halina timu ya kulipwa katika ligi kuu za futiboli, mpira wa kikapu wala besiboli, kwa hiyo mapenzi yote ya michezo yamegawanyika kwa vyuo hivi viwili, na mtoto huzaliwa akakuta upande wake umekwisha kuchaguliwa. Zipo nyumba ambazo mume ni wa huku na mke ni wa kule, nazo hutundika barazani bendera iliyogawanywa katikati, nusu yake nyekundu ya Alabama na nusu rangi ya chungwa na buluu ya Auburn.

Msomaji aliyewahi kuwashuhudia watani wa jadi Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, majukwaa yakiwa yamegawanyika rangi mbili, ataelewa haraka jinsi pambano hili lilivyokuwa zamani. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1988 lilichezwa kila mwaka katika uwanja wa Legion Field mjini Birmingham, mji wa viwanda vya chuma uliolipa pambano jina lake, na mpaka mwaka 1987 tiketi ziligawanywa nusu kwa nusu. Tofauti ni kwamba Auburn haikukubali kamwe kuwa uwanja ule ulikuwa huru, kwa sababu Birmingham iko karibu zaidi na Tuscaloosa na Alabama ilikuwa ikiutumia uwanja huohuo kwa mechi zake nyingi za nyumbani. Tarehe 2 Desemba 1989 ndipo Alabama ilipofika Auburn kucheza kwa mara ya kwanza, ikiwa haijafungwa msimu mzima, ikaondoka imelala kwa 30 kwa 20. Siku ile ndiyo inayoipa tiketi ya Auburn uzito wake. Wenyeji waliupigania mchezo huu kwa miaka mingi hadi ukafika nyumbani kwao, na bado wanauandalia kama watu wanaojua gharama ya kuupata.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani zaidi. Mechi ya kwanza ilichezwa Birmingham tarehe 22 Februari 1893, Auburn ikashinda 32 kwa 22. Baada ya sare ya 6 kwa 6 mwaka 1907 vyuo vilishindwa kuelewana kuhusu posho za wachezaji na mahali mwamuzi atakapotoka, na kwa miaka 41 havikukutana tena uwanjani, mpaka wabunge wa jimbo walipoingilia kati mwaka 1947. Mchezo uliporejea mwaka uliofuata, Alabama iliishindilia Auburn 55 kwa 0. Kwa jumla Alabama imeshinda mara nyingi zaidi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Kutoka Atlanta ni mwendo wa takriban saa mbili kwa barabara kuu ya I-85 siku ya kawaida, lakini siku ya pambano ongeza muda wa kutosha, na ukumbuke kuwa saa ya Auburn iko nyuma ya saa ya Atlanta kwa saa moja kamili, jambo ambalo asubuhi humsaidia msafiri na usiku humpokonya alichokipata. Kuanzia mapema viwanja vya chuo hujaa mahema, majiko ya mkaa na televisheni zilizofungwa nyuma ya magari, na hapa ndipo huduma hii inapostahili sifa zake za juu kabisa, ingawa hakuna hata senti moja ya tiketi inayoigharimia. Watu humwita mgeni asiyejulikana, wakampa sahani ya nyama ya nguruwe iliyookwa taratibu kwa moshi, au ya kuku kwa asiyekula nguruwe, pamoja na karanga za kuchemsha zenye maganda yake, laini na zenye chumvi, ambazo mtu wa Pwani au wa Singida atazimenya bila kufundishwa. Mashabiki wa Alabama waliovaa nyekundu hupita katikati ya mahema hayo, wakatupiwa maneno, wakajibu, kisha wakakaribishwa kula.

Nenda pia kwenye njia panda ya Toomer's Corner, mahali mji unapokutana na chuo, ukanywe maji ya limau yanayouzwa katika duka la kale la dawa lililoko pembeni. Ni matamu, ni baridi, na foleni yake ni ndefu kuliko inavyostahili. Kinachonivuta pale ni miti. Auburn inaposhinda, umati hutoka uwanjani na kurusha karatasi za chooni juu ya mialoni mpaka matawi yageuke meupe. Baada ya pambano la mwaka 2010, ambalo Auburn ilitoka nyuma kwa 24 kwa 0 ikashinda 28 kwa 27 huko Tuscaloosa, shabiki mmoja wa Alabama aliimwagia sumu mialoni miwili ya kale, kisha akapiga simu redioni kujisifu. Alikiri kosa mahakamani na akafungwa, na miti ikakatwa mwaka 2013. Iliyopo sasa ni ya kupandwa upya. Nalitaja jambo hili kwa sababu mgeni anayeuziwa picha ya utani mtupu anapaswa kujua kuwa utani huo umewahi kuvuka mpaka, na kwa sababu mashabiki wengi wa Alabama walichukizwa na kitendo kile, wakachanga fedha za kujaribu kuiokoa miti.

Takriban saa mbili kabla ya mchezo, simama kando ya barabara ya Donahue. Wachezaji wa Auburn huteremka kwa miguu kuelekea uwanjani, na umati huwabana pande zote mbili mpaka njia inakuwa uchochoro. Utakuwa karibu nao kiasi cha kuona utepe waliofungwa vidoleni. Kisha uwahi kuketi, maana kabla ya mchezo tai halisi, aliyelelewa na kituo cha ndege cha kitivo cha mifugo cha chuo hicho, huachiliwa kutoka juu ya majukwaa. Anapoanza kuzunguka, majukwaa huvuta kilio kimoja kirefu cha vita, na sauti hupanda kadiri ndege anavyoshuka, mpaka anapotua katikati ya uwanja ndipo kilio hicho hukatwa kwa mkupuo. Televisheni haijawahi kunionyesha jambo hili kwa ukubwa wake.

Mchezo wenyewe hauhitaji elimu kubwa: timu ina nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10, ikifaulu huanza upya, ikishindwa hunyang'anywa. Kasoro kubwa ni mapumziko ya matangazo. Dakika 60 za mchezo huchukua zaidi ya saa tatu, na mara kwa mara wachezaji hubaki wamesimama, mikono kiunoni, wakisubiri televisheni imalize biashara yake huku mtazamaji aliyelipa akitetemeka kwenye benchi la chuma. Nauona huu kuwa utovu wa heshima kwa watu wanaojaza uwanja, na fedha nyingi zinazoingia sasa, pamoja na zile ambazo tangu mwaka 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hazitapunguza matangazo hayo.

Hata hivyo usithubutu kuondoka mapema. Tarehe 30 Novemba 2013, matokeo yakiwa 28 kwa 28 na saa ikiwa imebakiza sekunde moja tu, ambayo kocha Nick Saban wa Alabama ndiye aliyeidai irudishwe, Alabama ilijaribu kuupitisha mpira kwa teke katikati ya nguzo kutoka yadi 57. Mpira ukapungua nguvu, Chris Davis wa Auburn akaudaka mwisho kabisa wa uwanja na kukimbia nao hadi mwisho wa pili, Auburn ikashinda 34 kwa 28. Miaka kumi baadaye, katika uwanja huohuo, Alabama ilikuwa inadaiwa yadi 31 katika nafasi yake ya nne na ya mwisho; Jalen Milroe akarusha mpira pembeni kabisa, Isaiah Bond akaudaka zikiwa zimebaki sekunde 32, na Alabama ikatoka na ushindi wa 27 kwa 24. Waliokwisha kuelekea kwenye magari yao walikosa kitu walicholipia.

Kuhusu ununuzi, tiketi za moja kwa moja huishia kwa wanachama na wanafunzi, kwa hiyo wengi wetu hununua kwa wauzaji wa mkono wa pili, ambao bei yao ya mwanzo mara nyingi huficha ada zinazojitokeza hatua ya mwisho ya malipo. Angalia jumla kabla ya kufurahi. Beba mfuko wa plastiki angavu, kwani mikoba ya kawaida hairuhusiwi kuingia, na koti hata kama mchana kuna jua. Kutoka mjini baada ya mchezo ni adha kubwa. Kula kwanza, ondoka baadaye.

Tuscaloosa nayo ina ubora wake. Uwanja ni mkubwa zaidi, na makumbusho ya kocha Paul Bryant ni mazuri. Mgeni Mwafrika ningemshauri afike pia Foster Auditorium, ambako mwaka 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni kuwazuia wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood kujiandikisha, nao wakaingia. Timu zote mbili zilikuwa za wazungu watupu mpaka James Owens alipoichezea Auburn mwaka 1970 na John Mitchell alipoichezea Alabama mwaka 1971. Leo wachezaji wengi wanaoshangiliwa katika pambano hili ni weusi, na sanamu ya Bo Jackson, mchezaji mweusi aliyekuwa nyota wa Auburn, imesimama nje ya uwanja wa chuo hicho. Lakini kwa joto la pambano lenyewe Tuscaloosa haifikii Auburn, maana Alabama imezoea mataji na huwa na mengine ya kuwania, ilhali Auburn huweza kuuhesabu msimu mzima kwa siku hii moja.

Anayetaka kwenda na watoto wadogo, au asiyeweza kumudu bei, achukue mechi ya Septemba ya Auburn dhidi ya chuo kidogo: tai ataruka vilevile, wachezaji watapita Donahue vilevile, na gharama itakuwa ndogo mno. Mwenye uwezo wa kununua mara moja tu anunue Iron Bowl ya Auburn, achague kiti cha jukwaa la juu ambako mipango ya timu zote mbili huonekana wazi, na asihesabu kurudi Atlanta kabla ya usiku wa manane.