Exceed 1018 kwa mifuko ya maziwa: miezi minne kwenye mashine yetu

Napuliza polithini mwaka wa kumi na sita sasa, kiwanda kidogo pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Malighafi niliyozoea ni LLDPE ya kawaida (polithini ya minyororo iliyonyooka yenye matawi mafupi), ile inayotengenezwa kwa kichocheo cha Ziegler-Natta chenye titani, nachanganya na LDPE (polithini ya matawi marefu). Miezi minne iliyopita tajiri alikubali tujaribu Exceed 1018 ya ExxonMobil, nayo ni LLDPE, ila kichocheo chake ni metalosini. Kilichotusukuma ni mteja wa maziwa. Mifuko ya nusu lita ilivuja kwenye mshono, kreti zikawa zinarudi zimelowa na zinanuka.

Ukisoma karatasi yake huoni cha ajabu: melti indeksi (kipimo cha inavyotiririka ikiyeyuka) 1.0, densiti 0.918, sawasawa na mzigo wa kawaida niliokuwa nao stoo. Tofauti iko kwenye kichocheo. Kile cha titani, ukoo ulioanza na Ziegler mwaka 1953, kina sehemu nyingi za kufanyia kazi na kila moja ina tabia yake: hii inasuka mnyororo mrefu, ile mfupi, na matawi yanajazana kwenye ile mifupi. Metalosini ina sehemu za aina moja, kwa hiyo minyororo inatoka karibu urefu mmoja na matawi yamegawanyika vizuri. Njia hii ilifunguka Hamburg, kwa Kaminsky na Sinn, miaka ya 1970. Maji, ambayo ni sumu ya vichocheo hivi, yalikutana kidogo na alumini alkili, kemikali inayosaidia kichocheo, na kichocheo kilichokuwa kimelala kikaamka. Kila nikilikumbuka hilo napata heshima mpya kwa mfuko huu wa kilo 25.

Siku ya kwanza nilikosea. Niliimwaga mahali pa ile ya zamani, 70 kwa 30 ya LDPE, joto lilelile. Ampea za mota zikapanda mpaka nikapunguza mwendo, na filamu ikatoka na ngozi ya papa. Ukipitisha kidole unaisikia inakwaruza. Minyororo mifupi ndiyo iliyokuwa inalainisha njia ndani ya dai, yaani mdomo wa mashine unaotoa filamu, na sasa haipo. Nikaongeza masterbachi (punje zenye dawa) ya kusaidia mtiririko, nikapandisha joto nyuzi 10, nikasubiri. Hapo ndipo wengi wanakata tamaa, kumbe dawa ile inataka muda ijipake kwenye kuta za dai. Kwetu zilipita kama dakika 40. Michirizi ilianza kufutika upande wa dirishani, ikafuata upande wa pili, mpaka puto lote la filamu linalopanda kutoka kwenye dai likawa laini.

LDPE msiipunguze sana. Puto la metalosini peke yake ni legevu. Kwetu mtu akifungua tu mlango wa stoo, upepo unaliyumbisha na unene unaharibika.

Lakini mshono! Zamani nikishika pande mbili nikavuta, ulifunguka kama bahasha. Sasa filamu yenyewe inarefuka mkononi na mshono haujaachia, hata pale tone la maziwa lilipobaki katikati wakati wa kufunga. Mteja ameshusha joto la taya za kufungia. Tulijaza maji mifuko 50, tukaiangusha kwenye sakafu ya saruji kutoka usawa wa bega: ukapasuka mmoja. Ya mchanganyiko wa zamani ilipasuka tisa. Ndiyo maana tumeshuka kutoka mikroni 90 hadi 80, na hapo ndipo bei yake kubwa kwa kilo inaporudi.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mzigo wetu haukuwa na dawa ya utelezi wala ya kuzuia kugandana, na roli la kwanza liligandana lote. Angalieni hilo kabla ya kupakia mashine.

Kwa mifuko ya taka au shiti za ujenzi, LLDPE ya kawaida inatosha kabisa. Na muuzaji awape cheti chenye namba ya bachi, muilinganishe na iliyochapwa kwenye mfuko wenyewe, mfuko kwa mfuko. Mwaka juzi tuliuziwa mzigo ulioshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na tuligundua mashine ikiwa tayari inatoa moshi.