Kiolezo cha Bunka kwenye meza ya fundi wa Kampala

Fundi aliyezoea kumpima mteja na kuchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa ataona kiolezo cha Bunka kama mazingaombwe. Kiolezo hiki cha blauzi, kinachofundishwa na chuo cha ushonaji cha Bunka huko Tokyo, kinataka vipimo vitatu tu: kifua, kiuno na urefu wa mgongo. Bega hupimi, kwapa hupimi, upana wa mgongo hupimi. Vyote vinatoka kwenye hesabu ya kifua. Michoro yake imejaa mtandaoni, na vitabu vya mafunzo vya chuo hicho vimetafsiriwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kukipata si kazi. Je, kinafaa kwa wateja wa Kiyembe, mtaa wa vitambaa wa Kampala? Kwa mwili wa wastani kinafaa sana. Kwa mwanamke mwenye kifua kikubwa na mgongo mwembamba, na hao ndio wengi wanaotaka gauni la kitenge la kubana, kinadai marekebisho kabla hujagusa mkasi.

Tuchukue mteja wa kifua sm 104 na kiuno sm 84. Kwa toleo jipya la kiolezo, upana wa nusu ya mwili ni kifua kugawa kwa 2, ongeza 6, yaani 58. Kina cha kwapa kutoka shingo ya nyuma ni kifua kugawa kwa 12, ongeza 13.7: hapo unapata 22.4. Upana wa nusu mgongo ni kifua kugawa kwa 8, ongeza 7.4, sawa na 20.4, wa mbele unaongeza 6.2 badala ya 7.4, unapata 19.2. Upana wa shingo ya mbele ni kifua kugawa kwa 24, ongeza 3.4, ambayo ni 7.7, kina chake ongeza nusu sentimita, na shingo ya nyuma ongeza milimita 2. Bega la mbele linateremka kwa nyuzi 22, la nyuma 18.

Futi ya inchi iweke kando kabisa. Inchi 41 zizidishe kwa 2.54 kwanza, ndipo uanze kugawanya. Anayegawanya 41 kwa 12 kisha akaongeza 13.7 atapata inchi 17, na hilo ni kwapa linaloshuka mpaka chini ya kiuno. Namba za kuongeza zimetungwa kwa sentimita na hazibadiliki kwa huruma.

Angalia pia umeshika toleo gani, maana la zamani bado linazunguka na wanaolisambaza hawasemi ni la zamani. Lenyewe linapata kina cha kwapa kwa kugawa kifua kwa 6 na kuongeza 7. Kwa kifua cha 84 tofauti haionekani: 21 kwa 20.7. Kwa mteja wetu wa 104, la zamani linatoa 24.3, karibu sentimita 2 zaidi. Kwapa likishuka hivyo, mteja akiinua mkono kushika bomba la teksi gauni zima linapanda naye, na fundi anaanza kulaumu mkono wakati kosa liko kwenye mwili wa nguo. Kama wateja wako wengi wanazidi kifua cha 95, la zamani liache.

Kwa nini Wajapani wakategemea kipimo kimoja kiasi hiki? Kimono haina kwapa la kuchonga wala mkunjo wa kifua (kitambaa kinachokunjwa na kushonwa kuelekea titi). Inakatwa kutoka kitambaa chembamba cha upana wa takriban sm 36 na urefu wa kama mita 12, vipande vyote vimenyooka, na ilishonwa kwa mkono kwa sababu ilifumuliwa ili kufuliwa kisha ikashonwa upya. Wasichana walifundishwa sindano shuleni tangu karne ya 19. Mkono wao ulikuwa mwepesi, ila kuumba kitambaa kifuate mwili hawakuwa wamezoea. Mwaka 1919 Namiki Isaburo alianza Tokyo kufundisha wanawake kushona nguo za kizungu, akaungana na Endo Masajiro, aliyekuwa akiuza cherehani za Singer, na mwaka 1923 shule yao, ndiyo Bunka ya leo, ikapata kibali rasmi. Jarida lao la mitindo, Soen, likatoka mwaka 1936. Vita vilipokwisha, nguo za dukani zilikuwa adimu, kimono za zamani zikakatwa kuwa magauni, na wanawake wengi, wakiwemo wajane wa vita, wakajaza shule za ushonaji ili wapate riziki bila kuondoka nyumbani. Darasa likijaa hivyo, mwalimu hawezi kusahihisha upimaji wa kila mwanafunzi. Kwa maoni yangu ndiyo sababu njia hii imeshinda: kipimo cha kifua ni kigumu kukikosea, na makosa ya bega na kwapa yanafungiwa ndani ya hesabu. Ni kifaa cha darasa. Chumba cha fundi mwenye mteja amesimama mbele yake ni kitu kingine.

Hapo ndipo kasoro inapoonekana. Hesabu inadhani kifua kikiongezeka, mgongo nao umeongezeka. Mteja wetu anaweza kuwa na sm 104 ambazo zimekaa mbele karibu zote. Ukimpa nusu mgongo ya 20.4, atapata mfuko nyuma ya kwapa na bega litamwangukia. Dawa si kupunguza ovyo pembeni. Mpime juu ya matiti, futi ikipita juu kabisa chini ya makwapa. Tuseme umepata 96. Chora kiolezo chote kwa 96: mgongo unakuwa 19.4 na shingo inarudi mahali pake. Kisha ongeza mbele peke yake. Tofauti ya 8 ina maana nusu ya mbele inahitaji sm 4. Kata karatasi kutoka kiunoni hadi ncha ya titi, endelea hadi kwapani bila kuachanisha kabisa, fungua pengo la sm 4 kwenye ncha ya titi, halafu ushushe kipande cha katikati mpaka mstari wa kiuno ulingane. Anayeruka hatua hii ya mwisho atashona gauni linalopanda mbele, na akilipiga picha pembeni ataona pindo limeinama.

Mkunjo wa kifua ndio sehemu bora ya kiolezo hiki. Upana wake ni pembe, kifua kugawa kwa 4 toa 2.5, kwa hiyo unakua pamoja na mwili. Kwa 104 ni nyuzi 23.5. Huna kipimapembe? Kwa mstari wa sm 16 kutoka ncha ya titi, mdomo wa mkunjo ni sm 6.5. Umechorwa kwapani, lakini usiushone hapo: funga karatasi kwapani, fungua ubavuni au kiunoni. Kwa kitenge cha maua makubwa, upeleke ubavuni chini, ua la kifuani lisikatwe vipande viwili. Simamisha mshono sm 2.5 hadi 3 kabla ya ncha, la sivyo unapata mkunjo wenye ncha kali kama kofia.

Kiunoni, kinachopunguzwa ni 58 toa 45 (nusu ya kiuno jumlisha 3), yaani 13, na zinagawanywa sehemu sita: asilimia 14, 15, 11, 35, 18 na 7, kuanzia chini ya titi kuelekea katikati ya mgongo. Ile ya 35 iko nyuma, chini ya kwapa, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kwa wanawake wenye kiuno kilichobonyea nyuma, ile ya mwisho, yenye sm 0.9 tu, haitoshi. Dalili ni mikunjo ya mlalo juu ya kiuno mgongoni. Kunja karatasi mlalo sm 1 hadi 1.5 katikati ya mgongo, ipotee ubavuni.

Nafasi ya kupumua ni sm 12 kuzunguka kifua. Kwa sare ya shule au ya hospitali ni sawa kabisa. Kwa gauni la harusi la kubana ni nyingi. Shuka mpaka sm 6 au 7 ukipunguza ubavuni, na jaribu kwanza kwa marekani.

Mkono ni wa kuangaliwa zaidi. Urefu wa kichwa chake ni sehemu 5 kati ya 6 za kina cha wastani kutoka ncha za bega la mbele na la nyuma hadi mstari wa kwapa, na mzunguko wake huzidi kwapa kwa asilimia 7 au 8. Pamba laini na sufu humeza ziada hiyo. Kitenge chenye nta hakimezi, utaona vikunjo vidogo begani hata ukipiga pasi ya moto. Ule mstari wa nyuma unaoongezewa sm 1, usiuongezee.

Kwa gomesi kiache. Ile nguo ya wanawake wa Uganda inayosimuliwa kuanzishwa shuleni Gayaza mwaka 1905 na fundi Mgoa Gomes inakaa kwa mkanda na wingi wa kitambaa, na fundi wake anajua hesabu zake.

Tahadhari kwa wanaoagiza vitabu vya Kijapani vyenye karatasi za kunakili: saizi 9 ni kifua cha sm 83 na kila saizi inayofuata (11, 13, 15) huongeza sm 3, hivyo 15 ni 92 tu. Mistari ya nguo kadhaa imechapwa moja juu ya nyingine, na nafasi ya mshono mara nyingi haimo. Isome kwenye mchoro mdogo wa mpango wa kukata, ambako imeandikwa kwa sentimita kila upande.