Mizani ya SF-400: inunue kwa ajili ya unga, hamira ipimie kijiko

Mizani nyeupe ya plastiki iitwayo SF-400, ya betri mbili za AA na inayosoma gramu moja moja, imeenea madukani na bei yake haitishi. Anayeoka keki au mikate aichukue.

Sababu ni unga wa ngano. Unga uliokaa pakitini umeshindiliwa, hivyo ukiuchota moja kwa moja, kikombe cha mililita 240 hubeba gramu 140 hadi 150. Ukiukoroga kwanza ulegee, ukautia kikombeni kwa kijiko na kuukata juu kwa mgongo wa kisu, unapata 120 hadi 125. Kikombe ni kilekile! Kwa vikombe vitatu, tofauti inaweza kufika gramu 75 au zaidi. Keki inatoka kavu, imepasuka juu, na mpishi analaumu oveni. Vikombe vyenyewe navyo havilingani: cha Kimarekani ni karibu mililita 240, vingine ni 250, na cha chai cha nyumbani hakifuati kipimo chochote.

Iweke mizani juu ya meza ngumu iliyonyooka, kamwe si juu ya kitambaa. Weka bakuli, bonyeza TARE isome sifuri, mimina unga. Bonyeza tena, mimina sukari (kikombe ni gramu 200). Vyombo vya kuosha vinapungua sana. Ila usigeuze mililita kuwa gramu ovyo: maji mililita 250 ni gramu 250, mafuta ya kupikia ni kama 230, na unga uliolegezwa ni kama nusu tu ya uzito wa maji.

Udhaifu wa mizani za aina hii uko kwenye vipimo vidogo. Kijiko cha chai cha hamira ya chenga ni kama gramu 3, na kosa la nusu gramu hapo ni kubwa. Tena ukinyunyiza kidogo kidogo, namba inaweza isisogee kabisa. Hamira na chumvi kidogo zipimie kijiko kilichosawazishwa.

Namba zikianza kuyumba, badilisha betri kwanza. Kisha pima pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa: isome 2,000 na gramu chache za karatasi.

Mapishi yako ya zamani ya vikombe usiyatupe. Jaza kikombe unachokitumia siku zote, kwa namna uliyoizoea, mara tatu. Pima kila mara, tafuta wastani, uandike gramu hizo pembeni ya mapishi.