National Portrait Gallery ya Washington, nendeni mkamuone bibi wa miaka 80 aliyejichora uchi

Wadau mlioko Washington, Maryland na Virginia, kama hamjaingia National Portrait Gallery, makumbusho ya picha za watu, mnapitwa jamani. Kiingilio bure kabisa, unashuka metro Gallery Place unavuka barabara umefika. Nawapa nyota tano, na sababu kubwa ni picha moja, ile mchoraji wa Kimarekani Alice Neel aliyojichora mwenyewe akiwa uchi, aliianza 1975 akaiacha, akaja kuimaliza 1980 ana miaka 80.

Sasa msitegemee ule uchi wa picha za zamani za Ulaya, binti kajilaza kwenye mashuka, ngozi laini haina hata kovu, macho kaangalia pembeni ili anayemtazama ajiachie. Huyu bibi kakaa kwenye kiti cha mistari ya bluu na nyeupe, nywele nyeupe pe, matiti yamelala juu ya tumbo na tumbo lenyewe limeshuka, miwani iko machoni, mkono mmoja brashi mwingine kitambaa cheupe cha kufutia rangi, na anakukazia macho. Hiyo brashi ndo iliyonimaliza, maana kwenye picha za uchi mwanamke kazi yake miaka yote ilikuwa kutazamwa basi, huyu yuko kazini na hana haraka na wewe. Sogea karibu uone mashavu yalivyoiva, mwenyewe alisema ni kwa sababu kuichora kulimtesa nusura kumuue. Kiti ni kilekile alichokuwa akiwakalishia watu waliokuja kuchorwa kwake New York, safari hii zamu yake.

Wengi wakiongelea wachoraji wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliouvuruga mwili wa mwanamke wanamtaja Willem de Kooning na Woman I yake ya 1950 hadi 1952, iko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa New York, macho makubwa, meno nje, rangi imepigwa kwa fujo. Picha nzito sikatai, ila kwangu yule bado ni mwanamke wa kichwani mwa mwanaume. Neel alichora watu waliokaa mbele yake, na wajawazito alishaanza kuwachora uchi tangu miaka ya 60, tumbo limejaa mpaka ngozi imevutika, wakati huo nani alikuwa anathubutu?

Jengo lenyewe zuri, zamani lilikuwa ofisi ya serikali ya hataza (yaani ya kusajili uvumbuzi), ua wa katikati umeezekwa kioo, kuna viti unapumzika hata siku nzima, na humohumo ndani kuna Smithsonian American Art Museum, yaani mlango mmoja makumbusho mawili.

Mama zenu wakija kuwatembelea wapelekeni, na msiwavute mkono kwa aibu mkifika pale, waacheni waangalie mpaka watosheke. Picha huwa zinabadilishwa kwahiyo cheki kwanza kwenye tovuti yao kama imetundikwa, wanafungua saa tano na nusu asubuhi mpaka saa moja jioni.