Matembezi ya Jack Ruby, Dallas: dakika nne zinazotosha kulipia kiingilio

Nilijiunga na matembezi ya kuongozwa katikati ya jiji la Dallas yanayosimulia maisha ya Jack Ruby, mwenye kilabu cha usiku aliyemuua Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy wa Marekani, siku mbili baada ya rais huyo kuuawa. Mwanzo ulichosha. Tulisimamishwa muda mrefu barabara ya Commerce, mahali ilipokuwa Carousel Club, tukielezwa jengo ambalo halipo tena, ilhali utoto wake wa Chicago, alikozaliwa mwaka 1911 kwa jina la Jacob Rubenstein, ulipewa sentensi mbili tu.

Uhondo wote uko barabara ya Main. Hapo mwongozaji aligawa nakala za risiti ya fedha ambazo Ruby alimtumia mnenguaji wake aliyekuwa Fort Worth: dola 25, muhuri wa saa 5:17 asubuhi, Novemba 24, 1963. Kisha akatazama saa yake na kutuongoza kimya hadi kwenye mteremko wa magari wa yaliyokuwa makao makuu ya polisi, na tulifika upesi kuliko nilivyotarajia. Oswald alipigwa risasi humo chini saa 5:21, televisheni zikirusha moja kwa moja. Kwa kuwa waandishi wa habari walikuwa wameambiwa wawepo tangu saa 4 kushuhudia Oswald akihamishiwa jela ya kaunti, Ruby angemkosa kabisa kama ratiba ingefuatwa. Tena alikuwa amemwacha mbwa wake, Sheba, ndani ya gari. Binafsi sioni mpango hapo, naona hasira iliyokutana na nafasi.

Mwongozaji hakukubaliana nami, na hiyo ni haki yake, lakini alitumia karibu robo saa kusimulia uvumi kuhusu Mafia bila kutaja kwamba Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali kuchunguza mauaji ya Kennedy, haikuona ushahidi wa njama.

Dosari kubwa ilikuwa mwishoni. Habari za hukumu ya kifo ya Machi 1964, kutenguliwa kwake Oktoba 1966, na kifo cha Ruby Januari 3, 1967, akisubiri kesi mpya, katika hospitali ile ile ya Parkland walikofia Kennedy na Oswald, zilisimuliwa tukiwa njiani kurudi, magari yakinguruma kando yetu. Atakayekwenda na atembee mbele, bega kwa bega na mwongozaji, kwa maana sisi wa nyuma tuliambulia nusu yake.